Shangazi Taipu Agoma Kutoa Faili

AMEKATAA! Jamani, Shangazi Taipu AMEKATAA! Amemtazama kaka yake usoni, yule yule ambaye akikohoa tu ukoo mzima unakaa wima, akamwambia, "Kaka, sikupi." Halafu akatia flashi mkobani, akavuta zipu, zzzip, akaaga. Kwa mtu mwingine hilo jambo dogo. Kwa Shangazi, nyie, ni mlima umehama! Ila habari yenyewe ni chungu, siwafichi, na lazima isimuliwe tangu mwanzo.

Shangazi Taipu, ndivyo tunavyomwita, ni mchapaji. Kazi aliisomea zamani, kwenye zile mashine za chuma ambazo ukifika mwisho wa mstari kengele inalia tiin, unasukuma mkono wa mashine, unaanza mstari mwingine. Mpaka leo akikaa kwenye kompyuta ni kama masikio yake yanaisubiri ile kengele. Alikuwa sekretari ofisini, kiti chake cha kuzunguka, droo yake yenye ufunguo. Basi mama yao akaanguka bafuni, upande mmoja wa mwili ukafa. Ndugu wakakaa kikao. Wakatazamana weee, mwisho macho yote yakatua kwake. Hana mume, hana mtoto, eti "hana kinachomfunga."

Akaacha kazi, akahamisha godoro lake chumbani kwa mama. Akawa anamgeuza ubavu huu, ubavu ule, mgongo usioze. Anamlisha uji kwa kijiko, na mama siku nyingine anakiuma kijiko hakiachii. Maneno yalikuwa yamemkatika yule mama, kwa hiyo Shangazi alijifunza kumsoma nyusi: zikipanda anataka maji, zikikunjwa anataka kugeuzwa. Miaka ikapita hivyo, shuka zinafuliwa, zinaanikwa, zinafuliwa tena. Ndugu walikuwa wanakuja. Wanasimama mlangoni, wanaziba pua kiaina, wanasema "Mungu atakulipa," wanaondoka.

Mama alipofariki, ile kazi ya ofisini ilishakuwa na mtu. Shangazi akaangukia kwenye kiduka cha kuchapa na kutoa kopi, mwenye duka ni mama mmoja mcheshi, watu wanamwita Mama Kopi. Hapo wanachapa barua za kuomba kazi, mitihani, mikataba ya nyumba, chochote.

Sasa huyo kaka. Nyumbani wanamwita Mheshimiwa. Hajawahi kuwa mheshimiwa wa popote, ila anavyokaa kwenye kochi utadhani kuna bendera nyuma yake. Alipostaafu akaandika kitabu cha ukoo, kwa mkono, makaratasi tele. Akamletea Shangazi.

"Mdogo wangu, kazi hii nakupa wewe kwa sababu ni damu yetu."

Mnajua maana yake, eh? Maana yake ni bure.

"Na nataka kingo zote mbili zinyooke," akaendelea. "Kushoto na kulia, kama ukuta. Kitabu cha kweli hakina meno meno."

Shangazi akakubali kwa furaha kabisa! Kaka kamwamini! Akachapa kama alivyofundishwa: mstari ukikaribia kuisha, anachomeka spesi, ile nafasi tupu kati ya maneno, hapa, anachomeka nyingine pale, mpaka neno la mwisho liguse ukingo wa kulia, halafu anaukata mstari kwa mkono na kushuka. Spesi nyingine alizificha kabla ya koma, maana hapo hazionekani sana. Mama Kopi akamwona.

"Dada, kompyuta si inajinyooshea yenyewe? Kitufe kiko hapo juu."

"Kompyuta haijui neno lipi lisogee," Shangazi akamjibu. "Mimi najua."

Na mchapaji mzuri hasomi, hilo mlijue. Herufi zinaingia machoni zinatokea vidoleni, kichwani hazipiti kabisa. Shangazi alichapa kitabu kizima cha kwao huku anawaza sabuni imeisha. Kwenye kioo cha kompyuta yake kurasa zilinyooka kama zimekatwa kwa wembe. Akampelekea kaka faili pamoja na makaratasi yake, akalala usingizi mtamu.

Loo! Mpiga chapa aliyepewa faili na kaka akaifungua kwenye mashine yake, ile aina ya herufi aliyotumia Shangazi hana, zikaingia nyingine nene zaidi. Akabonyeza kitufe cha kunyoosha kingo. Hapo sasa! Kila mstari ukawa mrefu kuliko karatasi. Mstari mmoja umejaa, unaofuata una maneno mawili tu, moja limeng'ang'ania ukingo wa kushoto, la pili la kulia, kama mume na mke waliogombana kitandani. Koma zimeachwa na wenzao, zinaanza mstari peke yao.

Nakala ya majaribio ikaletwa Jumapili sebuleni kwa Mheshimiwa. Wakwe wapo, binamu wapo, Shangazi naye kaitwa, kavaa gauni lake la kijani. Wifi yake, mke wa kaka, akaishika nakala akasoma kwa sauti, kila penye uwazi ananyamaza.

"Baba yetu... alikuwa... mtu... wa..." Akageuza kichwa huku na huku. "Wa nini jamani? Baba mkwe kapotelea wapi?"

Sebule ikalipuka kwa kicheko. Mheshimiwa hakucheka.

"Hii ndiyo kazi ya mtu aliyesema anajua kuchapa."

"Kaka, kwangu kilikuwa kimenyooka."

"Kwako! Kwako kila kitu kimenyooka, ndiyo maana uko hapo ulipo."

Shangazi akaichukua ile nakala mikononi mwa wifi, akasema ataitengeneza, akatoka na gauni lake la kijani. Soda yake aliiacha mezani haijafunguliwa.

Dukani Mama Kopi akabonyeza kale ka alama kanakoonyesha vitu vilivyofichika. Kila spesi ikatokea kama nukta ndogo. Ukurasa mzima nukta tupu.

"Dada," Mama Kopi akasema, "umemwaga mchele kwenye kitabu?"

Wakacheka mpaka machozi, halafu wakaanza kazi. Tafuta spesi mbili, weka moja, badilisha zote. Rudia. Rudia tena, mpaka kompyuta ikasema hakuna tena. Tafuta spesi iliyotangulia koma, weka koma tupu. Koma zikarudi kwa wenzao kama vifaranga! Hapo raha. Tatizo likabaki ile mistari aliyoikata kwa mkono. Kompyuta haiwezi kujua upi ni mkato wa kunyooshea ukingo na upi ni mwisho wa aya wa kweli. Ili ujue, lazima usome. Kila mstari.

Basi kwa mara ya kwanza Shangazi akakisoma kitabu.

Mwanzoni alifurahi. Akamkuta baba yake, akamkuta mbwa wao aliyekuwa anaogopa kuku. Akacheka peke yake. Akaendelea kufuta na kuunganisha, akafika kwenye ugonjwa wa mama. Mheshimiwa kaandika jinsi alivyomtoa mama hospitali kwa gari lake, na rangi ya gari kaandika. Kaandika nani alinunua kiti cha magurudumu. Kaandika majina ya wakubwa waliokuja kutoa pole. Halafu: "Mama aliugua muda mrefu na alitunzwa kwa upendo na familia."

Hiyo tu. Aya inayofuata ni mazishi.

Mstari huo nao ulikuwa umevunjika, "na" limebaki kushoto, "familia" limekwenda kulia kabisa, katikati karatasi nyeupe. Shangazi akaweka kishale mwisho wa mstari, akafuta ule mkato. Maneno yakasogeleana, yakakutana. Ikawa sentensi safi kabisa. Akakaa anaitazama mpaka Mama Kopi akaacha kukata karatasi.

"Nini tena?"

Shangazi akamwonyesha kwa kidole. Mama Kopi akasoma, akasonya.

"Asante ya punda! Si wewe unachapa? Jichomeke hapo. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," Shangazi akasema. "Nataka aniandike yeye."

Akamaliza kitabu chote, hakuacha hata koma moja imekaa vibaya. Akachapisha ule ukurasa, akaukunja, akaenda nao kwa kaka pamoja na flashi. Mheshimiwa alikuwa kwenye kochi lake, wifi anapaka kucha rangi.

"Kaka, kitabu kiko tayari. Ila naomba sentensi moja hapa."

"Sentensi gani?"

"Kwamba mimi ndiye niliyemuuguza mama."

Mheshimiwa akavaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Si nimeandika familia? Kwani wewe si familia?"

"Gari lako umeliandika mpaka rangi."

Wifi akapuliza kucha zake. "Makubwa! Mtu anadai risiti kwa mama yake mzazi!"

"Wifi, sijadai kitu. Nimeomba sentensi."

"Mdogo wangu," Mheshimiwa akashusha sauti, ile sauti ya kubembeleza mtoto anywe dawa, "nikikutaja wewe peke yako, watu watauliza sisi wengine tulikuwa wapi."

Nyie, hata kile kibrashi cha rangi kilisimama hewani.

"Na mlikuwa wapi, kaka?"

Mheshimiwa akainuka kwenye kochi. Sauti ya dawa imekwisha. "Wewe kazi yako spesi na koma! Habari niachie mimi. Lete flashi."

Na hapo ndipo lilipotokea! "Kaka, sikupi." Zzzip. "Kwaherini." Alitembea moja kwa moja mpaka getini. Mwenyewe alimsimulia Mama Kopi, eti alikuwa anaogopa akigeuka ataomba msamaha kwa mazoea tu. Hakugeuka.

Ningependa niwaambie Mheshimiwa alimfuata mbio. Hakumfuata. Alitafuta kijana mwingine wa kuchapa, akamlipa, kitabu kikachapwa upya kutoka kwenye makaratasi. Kikazinduliwa kwenye ukumbi wenye viti vya vitambaa vyeupe, Shangazi hakualikwa. Wifi kasambaza kwamba ana wivu, kwamba alitaka kumharibia kaka yake kazi ya maisha. Binamu waliokuwa wanamwomba awachapie barua bure sasa wanampungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara.

Nakala moja ililetwa dukani na mteja, kutoa kopi ya picha ya jalada. Shangazi akaifungua. Akaenda moja kwa moja kwenye ugonjwa wa mama. Sentensi ipo vile vile, herufi kwa herufi, familia, kwa upendo. Kingo zimenyooka pande zote mbili. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kulia, juu mpaka chini.

"Kimepangwa vizuri," akasema, akamrudishia mteja kitabu chake.

Mama Kopi alimwekea chai, ikapoa.

Kwa hiyo mimi naandika hapa, maana hakuna mahali pengine pa kuandika. Mama yule aliuguzwa na mtu mmoja. Ni huyu mchapaji, binti yake, aliyeacha kiti chake cha ofisini na hakukipata tena. Kitabu cha kaka kimeshafika nyumba nyingi na kinazidi kwenda. Hii habari haijafika popote. Tafadhali, ukimaliza kuisoma, mtumie na mwenzako.