Maharage ya Kuhesabia Malori

Cubaka alinisomea maneno ambayo hayakuwa kwenye karatasi. Nilitia kidole changu chini yake, na kwa kidole hicho wanawake kumi na tisa waliokuwa wakiuza viazi Kibati walipoteza mahali pao. Hilo ndilo kosa. Nalitaja kwanza ili mtu asidhani nasimulia habari za treni.

Lakini treni imo.

Mume wangu Paulin alikuwa mtu wa chukudu. Alitoa viazi Kibumba, akaviteremsha hadi Goma juu ya ule ubao wake wa magurudumu mawili, magunia manne kwa safari. Kwenye mteremko wa Kibati lori lililokosa breki lilimkuta kwa nyuma. Viazi vilitapakaa barabarani. Watu waliviokota kwanza, ndipo wakamfunika. Siwalaumu. Vilikuwa viazi vizuri.

Baadaye volkano ilikata barabara ile, na barabara ikatengenezwa upya juu ya mawe yake. Mwaka uliofuata Cubaka alikuja kwangu Ndosho, mtaa wa Goma. Ni mtu wa Kabare kama mimi, na kanisani alikaa benchi la mbele yangu. Alikuwa mwandishi wa komite ndogo ya watu wa mitaa walioomba reli ya mizigo kutoka Rutshuru hadi Goma. Alisema treni moja inabeba mzigo wa malori mengi, barabara inabaki ya miguu na chukudu, na viazi haviozi njiani wakati wa mvua. Sijawahi kuona treni. Nilielewa jambo moja tu: treni ina njia yake, haiiachi ili imfuate mtu mgongoni.

"Wakubwa hawaamini kilio, mama," akasema. "Wanaamini hesabu. Tunatafuta mutu wa kukaa Kibati ahesabu malori."

"Mimi sikusoma."

"Kuhesabu si kusoma."

Hapo hakudanganya. Nilihesabu kwa maharage. Harage jekundu lilikuwa lori lenye mzigo, jeupe lilikuwa lori tupu, punje ya hindi ilikuwa lori la mafuta. Kila lori lilipopita nilitupa moja ndani ya bidoni, dumu langu la plastiki. Maharage yenyewe walinipa wauza viazi, kila mmoja kiganja, kwa sababu nilikaa katikati yao kando ya barabara na kuwaeleza reli mpaka wakaichoka.

Watu wa chukudu walipoteremka walinipigia kelele: "Mama Reli! Treni yako iko wapi leo?"

"Iko nyuma yako, inakuja polepole kama weye!"

Apolline, mkubwa wa wauzaji, hakuamini upesi. "Na ile volkano? Itameza reli yako siku moja."

"Barabara ilimezwa pia, na walitengeneza."

"Barabara inapitisha wakubwa, bana. Treni itapitisha sombe. Nani atatengeneza njia ya majani ya muhogo?"

Tulicheka. Lakini ndiye aliyenikumbusha nilipopitiwa: "Nshobole, lori! Tupa harage!"

Nilikaa pale miezi mitatu, kwenye vumbi na kwenye mvua. Kila Jumamosi Cubaka alikuja, akamwaga bidoni juu ya kitenge changu, akahesabu, akaandika katika kaye yake, akanirudishia maharage. "Merci mingi, mama," alisema. Sikuomba kingine.

Mwishoni mwa miezi hiyo mitatu alikuja nyumbani na karatasi ya mashine, ya Kifaransa. Akaketi, akaisoma yote kwa Mashi, lugha ya mama yangu. Karatasi ilisema malori ni mengi, hii hapa hesabu yake, yanaua watu, tunaomba reli. Ilisema wauza viazi watabaki mahali pao na kituo cha treni kitajengwa pembeni yao. Ilimtaja Paulin kwa jina.

Binti yangu Joviale alisimama mlangoni. Alikuwa karibu kumaliza sekondari na Kifaransa anakijua. Angeweza kuisoma. Sikumpa. Mwanamume amekusomea kwa lugha uliyonyonya nayo, halafu umpe mutoto ahakikishe? Ni kumwita mwizi ndani ya nyumba yako. Nilimwambia Joviale akaangalie moto.

Nikatia kidole. Kesho yake nikaipeleka karatasi Kibati na kuwasomea wanawake, yaani niliwarudishia kwa Kiswahili yale niliyoyasikia. Kumi na tisa wakatia vidole chini ya changu. Apolline alikuwa wa kwanza. Jumamosi Cubaka akaja kuichukua.

Mwezi wa saba trakta ikaja Kibati kuwaondoa wauza viazi. Mtu aliyeshuka alikuwa na kopi ya karatasi yetu.

"Mbona munalia?" akawauliza. "Ninyi wenyewe mulikubali."

Apolline aliichukua kopi ile mkononi mwake na kuja nayo hadi Ndosho. Hakunisalimia. Alimpa Joviale.

Joviale akasoma. Karatasi ilisema malori mengi, hii hapa hesabu yake, yanapita Kibati bila mahali pa kusimama, na sisi wanawake wa pale tunakubali kuondoka kwa hiari ili tajiri mmoja ajenge parking ya malori.

"Reli?" nikamuuliza.

"Hakuna neno reli, mama."

"Papa yako?"

"Hayumo."

"Soma tena."

Akasoma tena. Nilikuwa namenya kitunguu, nikaendelea kukimenya. Apolline aliinuka, akafunga vizuri kitenge chake.

"Najua siyo weye uliandika," akasema. "Lakini ni weye ulitusomea."

Tangu siku ile hakunisemesha tena.

Nilikwenda kwa watu wa komite. Walikuwa bado wanaingojea hesabu yangu. Cubaka alikuwa amewaambia kwamba niliacha kazi baada ya wiki mbili.

Yeye nilimkuta Kibati kwenye lango la ukuta mpya wa parking, juu ya kiti cha plastiki, akiandika namba za malori yanayoingia. Tajiri alikuwa amemfanya mkubwa wa lango.

"Papa Cubaka, ulinisomea nini siku ile?"

Hakuinua macho. "Mama Joviale, weye ulitaka wakubwa wajue malori ni mengi. Sasa wamejua."

"Nilitaka yapungue."

"Reli ni ndoto, mama. Parking iko hapa, unaiona na macho. Rudi nyumbani, jua ni kali."

Lori likapiga honi. Akaniomba nisogee pembeni, likaingia.

Mwezi wa kumi na moja vita vilifika Kibumba na malori yakaacha kupita. Parking ikabaki tupu, imefungwa kwa mnyororo, na hakuna aliyewaruhusu wanawake kurudi hata kuweka beseni moja. Wengine wanauza sasa Ndosho kwa kutembeza. Nikiwaona nabadili njia. Cubaka bado anakaa benchi la mbele, nami nimehamia la mwisho, karibu na mlango. Maharage bado yamo bidoni. Kuna siku tulilala bila kula, na Joviale aliyatazama, lakini sikuyapika.

Mahali pale hapatarudi. Paulin harudi. Hayo simdai mtu. Kwa tajiri sina neno, kwa sababu hakuwahi kukaa nyumbani kwangu. Namdai Cubaka mwana wa Kabare. Anadaiwa kusimama Kibati mbele ya Apolline na wale kumi na wanane, aisome karatasi ile kwa Kiswahili jinsi ilivyoandikwa, tangu mstari wa kwanza hadi kidole changu, kisha aseme mbele yao ile nyingine aliyonisomea ilitoka wapi.