Spika za Nyuma za Pikapu ya Zinga

Chai anayoipika Tatu bado haijachemka, na mumewe amelala chali kwenye bodi ya pikapu ya ushirika, bisibisi mkononi, anakaza sanduku la spika, la mti wa mfenesi, kwenye ukuta wa nyuma wa kebini. Likikazika, analigonga kwa kidole cha kati, anasikiliza, analegeza skrubu moja, anagonga tena.

"Bado linasemea puani," anasema, kisha anakata kipande kingine cha mpira wa gurudumu na kukipachika kati ya ubao na bati.

Huyu ni Mwishehe Majaliwa, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, fundi ngoma wa Zinga, kusini mwa mji wa Bagamoyo. Leo Ijumaa, baada ya sala, kamati ya kijiji itapanda gari hili kuisikiliza kazi yake. Wakiridhika, watampa chumba kilicho wazi ubavuni mwa ghala la ushirika kiwe karakana. Wasiporidhika, spika zitaagizwa Dar es Salaam, naye atarudi kwenye ngoma. Na ngoma siku hizi hazimlishi mtu. Zamani kwa mwaka aliwamba ngoma thelathini; mwaka jana aliagizwa nne.

Pikapu ilikuja mwaka 1974, mpya kabisa, na redio yake. Mbele kwa dereva, sauti ilikuwa safi. Nyuma ya kiti, kiwanda kilitia spika mbili za karatasi, nyembamba kama ganda la kitunguu, zimefungwa kwenye bati tupu. Gari likisimama zilinong'ona. Likitembea zilichakarisha. Aliyekaa kwenye bodi hakuambulia neno.

Tusidanganyane, hiyo haikuwa bahati mbaya. Wenye umri wetu tunalikumbuka gari la bwana shamba wa mkoloni lilivyopita njia hii: yeye na mbwa wake mbele, wachukuzi nyuma pamoja na magunia. Mbwa alikuwa na kiti. Bendera imebadilika, lakini waliolichora gari hili bado waliamini kwamba nyuma hupandwa na mizigo, na mizigo haina masikio. Mwamba ngoma huivutia kwake. Hawa waliivutia mbele.

Hasara yake anaijua Bi Sihaba, mkulima wa muhogo. Mwaka jana alikuwa nyuma ya gari hili hili, juu ya magunia yake, akienda sokoni Bagamoyo, huku redio ikitangaza vifo. Kaka yake, tumbo moja, alikuwa amefariki Fukayosi na anazikwa alasiri ile. Dereva, Polikarpo, alilisikia jina vizuri, ila hakujua ni ndugu wa nani. Bi Sihaba alisikia mchakacho. Akauza muhogo wake, akataniana na wateja, akarudi jioni na kukuta watu wamekaa mkekani kwake, wanamsubiri yeye.

"Sikupata hata kumtazama uso," anasema. "Na redio ningeweza kuigusa kwa mkono."

Baada ya hapo Polikarpo hakuwa na raha. Ndiye aliyekwenda kubisha hodi kwa Mwishehe, maana alikuwa amesikia kwamba fundi huyo aliifufua redio yake mwenyewe kwa ngozi ya mbuzi. Ilikuwa kweli. Hewa ya chumvi hula karatasi ya spika ukingoni. Mwishehe aliukata ukingo uliooza, akaweka ngozi ya mbuzi mchanga aliyoikwangua mpaka ikawa laini kama kitambaa. Kwake yeye spika ni ngoma iliyowambwa na mtu mwingine. Hizi za pikapu, kubwa kama sahani za wali, amezitoa kwenye radiogramu mbili mbovu, zile redio za kabati, na masanduku ameyachonga mwenyewe. Spika isiyo na sanduku, anasema, ni ngozi ya ngoma isiyo na mzinga.

"Mwulize zile spika zake za kwanza ziko wapi," anasema Tatu, akimimina chai.

Mwishehe anajifanya hasikii. Basi Tatu anasimulia. Ilikuwa masika, unyevu umezizima spika sauti, na mumewe akafanya afanyavyo mpiga ngoma yeyote wa pwani hii kabla ya mchezo: akawasha makumbi ya nazi, akazipasha moto. Gundi ikayeyuka, karatasi zikaachia, vikabaki vyuma vitupu.

"Nikamwuliza, baba watoto, habari zimeiva?"

Safari hii hakuna moto. Ngozi ameipaka nta ya nyuki, unyevu uteleze.

Baada ya sala mwenyekiti wa kijiji anafika na kwenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele, kama kawaida yake. Polikarpo anamwamkia kwanza, shikamoo, halafu anamweleza kwa adabu kwamba leo mbele hakuna cha kusikiliza. Mwenyekiti anakunja kanzu, anapanda nyuma. Watu wanacheka ndani ya viganja.

Bi Sihaba amechagua kukaa mwisho kabisa, pale vumbi linapoingilia. "Mwanangu," anamwambia Mwishehe, "mimi sikuonei haya. Likikoroma nitasema limekoroma."

Gari linaondoka. Barabara ni mashimo matupu, abiria wanarushwa huku na huko, injini inanguruma. Matangazo ya vifo yanaanza. Mwishehe hamtazami mtu. Kiganja chake kiko juu ya sanduku, kama mtu anayeituliza ngoma.

Kama walivyokubaliana, tangazo moja likiisha Polikarpo anasimamisha gari na kuzima redio. Mwenyekiti anamwuliza Bi Sihaba amesikia nini.

"Ferdinandi Mloka, wa Mlandizi," anajibu. "Anazikwa kesho saa nne, baada ya misa. Habari zimfikie mwanawe Gertruda aliyeko Tanga, na jamaa wote walioko Pangani."

Anajifuta vumbi usoni kwa ncha ya kanga. "Simjui. Lakini jamaa zake wangekuwa humu, sasa hivi wangekuwa wanashuka."

Kutoka dirishani Polikarpo anasema ndivyo, neno kwa neno. Mwenyekiti hahutubii, jambo ambalo Zinga haijalizoea. Anamwambia Mwishehe tu kwamba kesho aje achukue ufunguo wa chumba.

Fundi anapoulizwa atafanya nini na karakana yake, anasema ana ndoto ya gari litakaloundwa hapa hapa nchini, na kabla halijapigwa rangi aitwe yule anayepanda nyuma, aulizwe anataka nini. Hilo, anasema, huenda akaliona akiwa mzee.

"Kwa sasa nitaanza na lori la kijiji cha Kaole," anasema. "Wao nao hufiwa."