Picha Niliyotoka Nayo Maskati

Bibi niliyekuwa namtunza Maskati alifariki siku ya Jumanne, na wiki iliyofuata nikakatiwa tiketi ya kurudi kwetu Kibiti. Nilikuwa nimekaa nyumba ile miaka minne, nikimwogesha, nikimlisha, nikimpa dawa. Alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Alasiri, mikono ikiwa haitetemeki sana, alichora kwa rangi za maji. Miezi yake ya mwisho aliniambia, "Nieleze kwenu, mwanangu." Nikamweleza delta, kule visiwani marehemu baba alikokuwa akikata boriti: mikoko, matope, mto unavyogawanyika kabla ya kufika baharini. Akachora. Alipomaliza akaniwekea mkononi.

"Hii yako. Nenda nayo kwenu."

Tulikuwa wawili tu chumbani.

Bibi alikuwa mchoraji anayejulikana. Baada ya maziko, mwanawe alizipanga picha zake zote sebuleni, akazipiga picha kwa simu moja moja. Yangu ilikuwa chini ya godoro langu. Nilitaka kumweleza mkewe, nikashindwa. Mwanamke yule hakunipenda. Aliwahi kunifokea mbele ya wageni kwa sababu ya chumvi, na tangu siku ile alisema nami akiwa na la kuniagiza tu. Na nyumba ya jirani kulikuwa na msichana wa Tanga aliyeambiwa kaiba bangili. Alichukuliwa na polisi. Tulisikia habari zake kwa muda, kisha hatukuzisikia tena.

Siku ya safari niliiviringisha ile picha, nikaitia ndani ya kipande cha bomba la plastiki isije ikakunjika, nikalifunika kwa kanga. Uwanja wa ndege begi lilipopita kwenye mashine, ofisa akanyoosha kidole.

"Fungua."

Akaikunjua juu ya meza, akaisoma ile sahihi pembeni. Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni, lakini nilimwelewa.

"Umeipata wapi?"

"Nimepewa."

"Karatasi yake?"

"Sina."

"Aliyekupa yuko wapi?"

"Amefariki."

Nilijisikia mwenyewe nilivyosema, nikajua mtu yeyote angeniona mwizi. Akachukua pasipoti yangu, akanikalisha kwenye kiti, akaomba namba ya nyumbani kwa mwajiri. Nilianza kusoma Ayatul Kursiyyu, nikapotea katikati, nikaanza upya, nikapotea palepale.

Alipiga simu, akaiweka kwenye spika. Akapokea mke wa mtoto wa bibi. Ofisa akamweleza.

"Picha ya nini?" akauliza yule mwanamke.

"Miti na maji."

Niliuangalia mlango wenye askari, nikamfikiria mama yangu kijijini Mtawanya, nani atamwambia na atamwambiaje.

"Ni yake," akasema yule mwanamke. "Mama mkwe alimpa mbele yangu."

Hakuwapo. Siku ile hakuingia kabisa chumbani mle.

Ofisa akanirudishia pasipoti. Nilishindwa kufunga zipu ya begi, akanifungia yeye. Ndani ya ndege sikupata furaha. Nilingoja kuitwa jina mpaka milango ikafungwa, na hata tulipokwisha kuruka bado niliwatazama wahudumu kila walipopita.

Dar ofisa wa forodha aliuliza, "Hii nini, dada?" Nikasema picha ya kwetu, akanipungia mkono nipite.

Nyumbani mama aliikunjua, akaitazama sana.

"Mikoko ya wapi hii? Majani kama ya mitende."

Hata hivyo akaitundika ukutani. Alipotoka kwenda shamba, mimi nikaitungua, nikairudisha kwenye bomba. Nilifanya hivyo mara tatu. Gari likisimama barabarani mbele ya nyumba, nachungulia kwanza.

Idd ilipofika, simu yangu ikaingia ujumbe kutoka namba ya Oman. Nilishinda nayo siku nzima bila kuufungua. Jioni, kabla ya magharibi, nikajikaza. Alikuwa yeye, mke wa mtoto wa bibi. Aliuliza kama picha ilifika salama, na kama naweza kuipiga kwa simu nimtumie aione, maana hakupata kuiona.

Mama akaishika dirishani penye mwanga, nikaipiga, nikamtumia.