Daktari na chupa chini ya meza

Wasee, nisaidieni. Nimechanganyikiwa.

Mimi husuka nywele Kenyatta Market, nasimama kutwa, na kisigino kimeniua. Leo nikaenda kliniki Kilimani.

Daktari akasema, "Mama, hapa ni sindano ya steroidi tu. Toa kiatu."

Nikatoa. Simu ikaanguka.

Kuinama kuiokota hivi, naona mguu wake chini ya meza, na soksi tu, anabingirisha kisigino chake juu ya chupa ya barafu!

"Daktari, kumbe hata wewe? Ulidungwa?"

"Hapana. Mimi naogopa sindano."

Halafu akachukua sindano yangu!

Nimetoka hapo mbio, kiatu mkononi.

Nimefika barabarani ndio nakumbuka: asubuhi nilikuwa nachechemea.

Sasa nirudi nidungwe, ama nimepona?