Nani atafungua kamba Marsaili akisafiri?

Ni saa tatu asubuhi ya Jumatano, na Marsaili MacPhail amesimama mwisho wa gati la kisiwa cha Grianay akiwa amevaa koti lake la kanisani. Wanaopita wanamtazama mara mbili. Kwa miaka kumi na sita wamezoea kumwona hapa na suruali ya mpira na jaketi la rangi ya chungwa, akiisubiri meli ya Oban, mji wa bara, ili aifunge.

Leo glavu zake za kazi zimo mfukoni. Anaingiza mkono, anazigusa, anautoa. Baada ya muda kidogo anauingiza tena.

"Nazibeba za nini, hata sijui," anasema. "Lakini kuziacha nyumbani nimeshindwa."

Mawimbi yanatoka magharibi. Si makubwa, ila si ya kuaminika. Marsaili (44) anayatazama kama mzazi anavyoutazama uso wa mtoto aliyeshinda na homa.

Kazini kwake yeye ndiye mpeleka habari mbaya. Nahodha akiona gati haliwezi kukaribiwa, hupiga simu, na Marsaili huwageukia abiria na kuwaambia meli inapita, wakalale. Msimu wa baridi uliopita aliwaambia hivyo mara ishirini na tatu.

"Wengine hunikasirikia kana kwamba upepo naufuga mimi zizini," anasema.

Leo abiria ni yeye mwenyewe.

Anakwenda Inverness, peke yake, kumsikiliza binti yake Raonaid, mwenye miaka kumi na mitatu, akiimba mbele ya majaji kwenye mashindano ya nyimbo za Kigaeli, lugha ya wazee wa visiwani. Zamu ya Raonaid ni kesho saa tatu asubuhi. Ataimba wimbo wa kukamulia ng'ombe aliofundishwa na bibi yake, mama yake baba.

Grianay ina shule ya msingi tu. Mtoto akifika miaka kumi na miwili hupelekwa bweni la Oban, na kurudi nyumbani Jumamosi mojamoja, meli ikikubali. Jumatatu huondoka tena. Na kila Raonaid anapoondoka, mwenye kuifungua kamba ya meli inayomchukua ni mama yake.

"Ile mara ya kwanza kitanzi cha kamba kilikuwa mikononi mwangu, mtoto yuko kule juu ananipungia, nahodha ananisubiri," anasimulia. "Nikajiuliza, hivi nikikigandia hapa, watanifanya nini?" Anacheka, kisha kicheko kinakatika. "Nikakiachia. Ndiyo kazi."

Mwaka wa kwanza alimwahidi Raonaid kwamba angekwenda kwenye tamasha la shule. Upepo ukavuma siku nne. Mwaka wa pili aliahidi tena. Asubuhi ya safari mzee Dougal, mfunga kamba mwenzake, akaamka mgongo umekakamaa. Gati la Grianay haliruhusiwi kupokea wala kuachia meli bila watu wawili wenye cheti, na wenye cheti kisiwani ni hao wawili tu. Marsaili alivua koti la kanisani, akavaa la kazi, akaifungua meli aliyokuwa ameikatia tiketi.

Jioni ile alimpigia simu binti yake kumwomba radhi.

"Hakulia," anasema Marsaili. "Angelia ningejua la kumwambia. Alisema, 'Usijali mama, habari za meli nazijua.' Kama mtu mzima. Tangu siku hiyo hajanialika popote. Haya mashindano nimeambiwa na mwalimu."

Ndiyo maana safari hii Raonaid hajui kwamba mama yake anakuja. Kisiwa kizima cha watu mia moja na arobaini kinajua, hata mhudumu wa kuuza mafuta anajua, lakini mtoto hajaambiwa. "Nikimwambia yeye, upepo nao utasikia," anasema Marsaili, na hasemi kwa utani.

Maandalizi yamemchukua wiki tano. Ameyaandika kwenye kadi, kwa penseli. Grianay mtu hapangi safari kwa wino, atachekwa. Kadi imefutwa mara nyingi hata imetoa nywele.

Meli ikiondoka hapa saa nne na robo, itafika Oban saa saba kamili. Basi la Fort William linaondoka saa saba na dakika ishirini. Huko atabadili, na kufika Inverness kabla ya saa kumi na mbili jioni. Akilikosa lile la kwanza, atalala Oban, na Raonaid atakuwa amekwisha kuimba mama yake akiwa bado barabarani. Kwa hiyo safari nzima imeegemea dakika ishirini.

"Hapa meli ikimwona mtu anakimbia inamngoja, maana tunamjua ni nani na anakimbilia nini," anasema. "Basi la bara halinijui."

Maisha yake yote Marsaili hajawahi kupanda basi peke yake. Oban huenda na mumewe Lachie, Lachie akitangulia, yeye akifuata na mifuko. Safari hii Lachie anabaki. Wana ng'ombe kumi na mmoja, na mmoja wao atazaa wiki hii.

"Unaenda Inverness, mama, huendi mwezini," Lachie alimtania jana mezani.

"Mwezini afadhali. Mwezini hakuna kubadili basi."

"Ukipotea uliza."

"Nimuulize nani? Kule watu hawasalimiani!"

Lachie alimkatia mkate na nyama ya kondoo ya kubeba, akaifunga mara mbili. Pauni sabini za kitanda cha Inverness wamezikusanya tangu Krismasi. Kamba humlipa Marsaili pauni ishirini na nane kwa meli moja, na meli isipotia mguu hapati kitu. Ndiyo maana mchana huwapikia watoto tisa wa shule ya kisiwa.

Lakini si basi lililomkosesha usingizi. Ni kamba. Akiwa juu ya meli, nani ataifungua?

Jibu lilitoka pasipotarajiwa. Effie Darroch, mgawa barua wa kisiwa, mjane wa miaka sitini na mmoja, alikuja jikoni kwa Marsaili mwezi uliopita, akaweka barua mezani, akasema, "Nifundishe mimi."

"Wewe, mama Effie? Na magoti hayo?"

"Kamba inashikwa kwa magoti?"

Kwa wiki tatu walifanya mazoezi gatini. Mzee Dougal (67) alisimama kwenye sitaha ya mashua yake akimrushia Effie kamba nyembamba yenye uzito nchani, ile inayotangulia na kuvuta kamba nene nyuma yake. Siku ya kwanza Effie aliikosa mara kumi na tisa.

"Bibi, hiyo si nyuki! Mbona unaikimbia?" Dougal alifoka.

"Na wewe rusha kama mwanamume, acha kunirushia kama unanichumbia!"

Ilibaki kupimwa. Mpimaji, Bwana Rennie, hutoka Oban kwa meli hiyohiyo. Alipangiwa kuja wiki mbili zilizopita, meli haikufika. Akapangiwa juzi Jumatatu. Meli ilifika, ikazunguka nje ya gati, ikarudi zake, na Rennie akaonekana dirishani akiwapungia mkono. Basi mtihani wa Effie umeangukia leo, kwenye meli ileile anayoisafiria Marsaili.

Masharti Rennie ameyatuma kwa simu. Mbele ya mpimaji, asiye na cheti anaruhusiwa kushika kamba. Effie afunge na afungue, vyote viwili, kwa mkono wake mwenyewe, Dougal akishughulika na kamba yake upande wa pili. Mwingine asiguse. Akishindwa, hapati cheti, na Ijumaa gati litakuwa na mtu mmoja. Marsaili hataweza kushuka kisiwani kwake.

Saa nne kasorobo meli inajitokeza nyuma ya mwamba. Inakuja, inapunguza mwendo, inasita.

"Inaingia," anasema Dougal.

"Nyamaza, Dougal. Usiseme."

Inaingia. Baharia anarusha kamba nyembamba. Upepo unaidaka, inaanguka majini. Marsaili amekwisha kupiga hatua mbili mbele. Effie hamtazami. Baharia anaivuta, anarusha tena. Inampiga Effie begani na kuanza kuteleza ukingoni, naye anaikanyaga kwa buti. Anainama, anaikamata, anaivuta mkono kwa mkono hadi kamba nene inapanda gatini, na kitanzi chake kinaingia kwenye nguzo ya chuma.

"Nimeikanyaga kama panya," anasema Effie akihema. "Inaruhusiwa?"

Kutoka juu, Rennie, bwana mwembamba mwenye kofia ya sufu, anaandika kitu kwenye fomu yake. Usoni haonyeshi lolote.

Magari manne yanashuka, linafuata gari la chakula cha mifugo, kisha wanashuka watu. Marsaili anapanda. Anachagua kusimama kwenye sitaha karibu na daraja la abiria, mkoba miguuni, kadi mkononi. Anaitazama saa. Saa nne na dakika kumi na tatu. Anaitazama tena, na bado ni kumi na tatu.

Honi ya nahodha inalia mara moja. Ni ishara ya kujiandaa kufungua, na Marsaili ameisikia maelfu ya mara.

Analolifanya baada ya hapo, anasema, hakulifikiri. Anauacha mkoba, anashuka darajani haraka, na kabla buti zake za safari hazijatulia gatini amekwisha kuvaa glavu na anaelekea nguzoni.

"We! We, Marsaili!" Effie anajitupa mbele yake, mikono ameitandaza kama anayezuia ng'ombe. "Unakwenda wapi?"

"Kamba..."

"Kamba ina mwenyewe! Rudi juu!"

"Dada Marsaili!" baharia anapiga kelele. "Daraja tunaliinua!"

"Ukiigusa, yeye ameshindwa," anasema Rennie kutoka juu, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Marsaili amesimama. Mbele yake kipo kitanzi alichokishika miaka kumi na sita. Nyuma yake daraja limeanza kutikisika. Effie anashusha mikono, na sauti yake inashuka nayo.

"Mwanangu. Vua hizo glavu unipe. Zangu zinapwaya."

Marsaili anazivua. Moja inakwama kwenye pete na Effie anamsaidia. Kisha anageuka na kukimbia, koti la kanisani likipeperuka, na baharia anamshika kiwiko na kumvuta ndani huku daraja linainuka chini ya kisigino chake.

Anasimama pembeni ya Rennie akihema. Akiwa juu, gati linaonekana dogo, na mtu aliye kwenye nguzo mdogo zaidi. Hajawahi kuliona hivi akiwa peke yake. Raonaid huliona hivi kila Jumatatu anayoondoka.

Effie anasubiri kamba ilegee. Haharakishi. Inalegea, anakinyanyua kitanzi kwa mikono miwili iliyovaa glavu za Marsaili, anarudi nyuma hatua moja kama alivyofunzwa, anaachia. Upande wa pili Dougal anaachia yake. Maji yanapanuka kati ya meli na gati.

Rennie anaandika mstari mmoja, anatia sahihi, anaikunja fomu. "Ijumaa utashuka," anasema. "Bahari ikitaka."

Marsaili anafunika mdomo kwa mkono. Gatini Effie anapunga kwa glavu zote mbili, na Dougal anapiga kelele ambayo upepo unaila nusu: "...basi la kushoto! La kushoto!"

Meli imechelewa dakika sita. Marsaili anatoa penseli, anakaa kwenye benchi iliyolowa, na kwenye kadi anafuta ishirini, anaandika kumi na nne. Anaomba aambiwe kama nahodha anaweza kuzifidia njiani. Baharia anasema labda.

"Nikifika," anasema, kisha anajirekebisha, "nikijaliwa kufika, sitakaa mbele. Nikikaa mbele atashtuka apoteze wimbo. Nitakaa safu ya katikati, pembeni, kwenye njia. Akimaliza akainua macho anione. Hivyo tu. Sitaki hata kumpungia."

Anaiweka mikono yake mitupu mapajani, anaiangalia kama vitu vilivyosahauliwa na abiria.

"Halafu akija nyumbani, Jumatatu nitarudi nguzoni kumfungulia kamba. Lakini sasa nitakuwa najua anachokiona akiwa huku juu. Nitasimama pale mahali anaponiona vizuri."

Kisiwa kimeingia ukunguni. Marsaili anaitazama saa.