Kitambaa Kibichi Kwenye Injini ya Meli

Nakumbuka siku ambayo meli ya kivita, nami nikiwa fundi wake, ilipitwa na mtumbwi wa muuza pweza. Usicheke kwanza, mwanangu. Cheka nikimaliza.

Ufundi niliuanzia kwetu Chemba, kwenye mashine ya kusaga ya marehemu baba. Injini naisikiliza tu, najua inaumwa wapi. Jeshini sikio hilo likanipa sifa, na sifa ni ugonjwa usio na homa. Meli yetu ilipofungwa injini mpya za kompyuta, mkuu wetu wa mafundi, Afande Saidi, aliyebakiza miezi michache astaafu, alinunua daftari la shule akakaa darasani na vijana. Mimi nikaona hayo ni mambo ya watu wasio na masikio.

Ikafika siku ya maonyesho, tupite kwa kasi mbele ya wageni. Mama alikuwa amekuja na basi kutoka Chemba, hajawahi kuiona bahari, na nilitamani sana anione. Asubuhi kompyuta ikawasha taa ya njano: injini inapata joto. Nikasikiliza, nikaona nzima. Niliogopa safari isije ikafutwa. Kwenye mashine ya kusaga, joto likizidi tuliifunika kwa gunia bichi, kazi ikaendelea. Basi nikazungushia kipima joto kitambaa kibichi. Taa ikazimika, nikajipongeza.

Kumbe kompyuta ikaamini injini bado ya baridi, ikakataa kuipa kasi mpaka ipate moto. Tukatambaa. Bendi ikarudia wimbo mara tatu. Muuza pweza akatupita kwa kasia, akatupungia mkono kwa heshima zote.

Afande Saidi alishuka chini, akakiona kitambaa. "Nani kaivisha injini kilemba?"

Nikajitetea kwa methali: "Afande, usiache mbachao kwa msala upitao."

"Msala umeshapita," akasema, "na pweza nao wamepita. Una miaka ishirini na sita, umeshazeeka kunishinda mimi!"

Kisha akanionyesha mfuko wa plastiki ulioziba njia ya maji ya kupoza. Tungekimbia, injini ingeungua, na mafundi wenzangu walikuwa humo chumba cha injini. Nililia, sikuona haya.

Mama yeye alirudi Chemba akawatangazia majirani kwamba meli ya mwanawe ilipunguza mwendo ili amwone vizuri. Sikumsahihisha mpaka alipofariki, Mungu amrehemu.

Sasa jana umekuja hapa kwangu mtaani Kikuyu na begi lako, unasema chuoni wamebadilisha mitambo na uliyosoma mwaka jana hayana kazi tena. Yana kazi. Sikio langu halikuwa na kosa, kosa lilikuwa kukataa kuuliza. Kuuliza si ujinga, na elimu haina mwisho. Kesho panda basi urudi chuoni, darasani kaa kiti cha mbele, na usilolijua liseme kwa sauti. Mungu akufungulie akili, akulinde wewe na wote watakaosafiri wakiiamini kazi ya mikono yako.