Homoni Mbili za Mama Taratibu

Saa tatu asubuhi. Mtoto ameshalia, lakini mkunga bado hajatabasamu. Anamchoma mzazi sindano ya paja, anaweka kiganja juu ya tumbo lake, anasubiri. Mji wa mimba unapojikaza na damu kupungua, ndipo anasema, "Hongera, mwanangu. Sasa pumzika."

Wodini wanamwita Mama Taratibu. Kwa miaka ishirini na sita hajamfokea mzazi, hata yule aliyemng'ata mkono.

Sindano hiyo ni ya oksitosini, homoni ambayo ubongo hujitengenezea wenyewe. Hukaza mji wa mimba na kuteremsha maziwa. Hiyo anaijua nje ndani. Ndugu wa homoni hiyo, vasopresini, hutoka sehemu ileile ya ubongo na kufanana nayo mno, ila kazi yake ni kuziamuru figo zisipoteze maji hovyo. Aliisoma chuoni, akafaulu mtihani, na kama wengi wetu, somo likaishia hapo.

"Na hiyo ndiyo iliyokuwa inamhusu mwanangu," anasema.

Mwanawe wa pekee alikojoa kitandani mpaka darasa la saba. Mama huyu, anayefuta uchafu wa watu bila kukunja uso, alidhani ni uvivu. Kila asubuhi alimbebesha godoro mpaka barabarani, wenzake wakipita kwenda shule. Alitaka aone haya, aache. Haya aliiona, kuacha, hakuacha.

Mwaka jana, kwenye semina ya kazini, daktari alieleza kuwa baadhi ya watoto hupungukiwa na vasopresini usiku, na tatizo huweza kurithiwa. Kipo kidonge kilichotengenezwa kwa mfano wake, ambacho daktari huweza kumwandikia mtoto anywe kabla ya kulala. Wenzake waliendelea kusikiliza. Yeye alitoka nje akalia.

Mwanawe sasa ana binti wa miaka minane. Huja na baba yake kumsalimia bibi, wakala, wakacheka, lakini jua likianza kushuka baba mtu humshika mkono waondoke. Mjukuu hajawahi kulala kwa bibi yake. Sababu aliitoa mtoto mwenyewe, kwa kunong'ona: "Baba amesema nitalala kwako nikishaacha kukojoa."

Mama Taratibu alimpigia mwanawe simu kumweleza habari za daktari.

"Alinishukuru kwa adabu tu, kama wagonjwa wanavyonishukuru," anasema.

Jumapili atakwenda kwa mwanawe. Dawa hataitaja tena.

"Nitamwomba radhi. Asiponisamehe, sitamlaumu. Lakini nataka asikie kutoka kwangu mimi, kwamba hakuwa mvivu."